Programu ndogo ya kusoma saa za Kiswahili: namba ilikuwa rahisi, neno "usiku" ndilo lililonichelewesha

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Ndugu zangu mnaoandika programu, naomba nieleze kwa urefu kazi ambayo nimekuwa nikiifanya jioni baada ya kutoka kazini, kwa sababu naamini wengi wenu mtakutana na jambo hilihili siku mtakapoandika chochote kinachomwuliza mzungumzaji wa Kiswahili saa. Katika uzi huu, nikiandika 20:00 namaanisha saa ya kompyuta, na nikiandika saa 2 namaanisha saa yetu.

Mchana ninatunza mfumo wa stoo wa duka la jumla. Usiku niliandika programu ya kutuma ujumbe mfupi wa kukumbusha, na mtumiaji wangu wa kwanza alikuwa mama yangu. Anaishi Kilosa, anatumia dawa ya presha mara moja kwa siku, na amezoea kuimeza saa 2 usiku taarifa ya habari inapoanza, kwa kuwa redio ndiyo saa yake. Simu yake ni ya kitochi, hivyo kila kitu kilipaswa kupita katika ujumbe wa kawaida. Niliandika kwenye kisanduku "saa 2 usiku", nikatumia maktaba ya tarehe, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, nayo ikachukua tarakimu 2, ikaona neno nililokuwa nimelifasiri kuwa ni nusu ya usiku, ikahifadhi 02:00.

Ujumbe ulimfikia saa 8 usiku. Mama aliwasha taa, akausoma, akameza dawa, akarudi kulala. Usiku wa pili ikawa vilevile, na wa tatu. Hakunipigia, kwa sababu alidhani daktari amebadilisha muda na mimi nimepewa habari kabla yake. Nilijua Jumapili nilipompigia kumjulia hali, naye akaniuliza kwa upole kama muda huu mpya wa saa nane ni wa kudumu. Tangu siku hiyo sijaichukulia kazi hii kuwa ya kupitishia wakati. Mtu mzima alikuwa ameiamini programu yangu kuliko mazoea yake mwenyewe.

Nilianza na hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyoonekana kuwa tatizo. Sisi huhesabu saa kuanzia kunapokucha na tena kuanzia kunapokuchwa, jambo ambalo huku karibu na ikweta lina mantiki kamili, kwani mwaka mzima jua halichomozi wala kuzama mbali sana na 06:00 na 18:00. Kwa hiyo saa 12 ihesabiwe kuwa sifuri, kisha saa za nusu ya mchana ziongezwe 6 na saa za nusu ya usiku ziongezwe 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, itolewe 24. Saa 1 asubuhi inatoa 07:00, saa 6 mchana inatoa 12:00, saa 2 usiku inatoa 20:00, na saa 8 usiku inatoa 26, yaani 02:00. Mistari mitatu ya msimbo inatosha, na kila jibu nalihifadhi kama nukta ya wakati, yaani dakika moja mahususi inayohesabiwa kwa saa ya Greenwich, ile saa ya marejeo ya dunia nzima.

Ugumu wa kwanza ulitokea kwenye maneno yaliyokaa mpakani. "Jioni" haimo katika nusu moja: saa 10 na saa 11 jioni ni 16:00 na 17:00, hivyo zinaongezwa 6, lakini saa 12 na saa 1 jioni ni 18:00 na 19:00, hivyo zinaongezwa 18. "Alfajiri" nayo iko hivyohivyo upande wa pili, kwani saa 11 alfajiri inahesabiwa kutoka machweo ya jana ilhali saa 12 imeshaanza hesabu mpya. Ilinilazimu kuacha kuuliza "neno hili ni la mchana au la usiku?" na kuanza kuuliza neno na namba kwa pamoja.

Baadaye niligundua kwamba mipaka ya maneno haya imeshaandikwa katika CLDR, ile hazina ya data za lugha inayotunzwa chini ya Unicode na kutumiwa na simu na vivinjari karibu vyote. Humo Kiswahili kina alfajiri kuanzia 04:00 hadi 07:00, asubuhi hadi 12:00, mchana hadi 16:00, jioni hadi 19:00, na usiku mpaka 04:00 tena. Nashukuru kuna watu waliokaa chini wakaandika hivyo, ingawa hapa Morogoro ukimwambia mtu "saa 12 na nusu alfajiri" atakuelewa kisha atasema "asubuhi", na saa 5 kabla ya adhuhuri wengine huiita ya asubuhi na wengine ya mchana. Lakini hazina hiyo inatoa maneno tu. Tarakimu zinabaki za kizungu, wala hakuna alama ya kuiambia programu ihesabu saa kuanzia kunapokucha. Adhuhuri yenyewe imeandikwa humo kuwa "saa sita za mchana", huku tarakimu inayochapwa kando yake ikibaki 12, na hapo ndipo nilipoona saa mbili zikiwa zimekaa kwenye mstari mmoja bila yeyote kuzipatanisha.

Kusoma maneno kulinichukua wiki moja, na kisa kilikuwa herufi mbili, "na". Katika "saa kumi na mbili", kiungo hicho kinajenga saa. Katika "saa kumi na nusu" kinaanzisha dakika. Katika "saa kumi na moja na robo" kinafanya kazi zote mbili. Kanuni niliyoishia nayo ni kwamba baada ya "kumi", ikifuata "na moja" au "na mbili" pasipo neno "dakika" kati yake, ni saa. Vinginevyo ni dakika. "Kasorobo" na "kasoro dakika kumi" hutolewa mwishoni, baada ya saa kugeuzwa, ili saa 1 kasorobo asubuhi iwe 06:45 bila kutangatanga kwenye nusu isiyo yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Mtu akiandika "Jumanne usiku saa 8", ni tarehe ipi? Kompyuta inasema Jumanne imeanza 00:00, kwa hiyo 02:00 ya Jumanne. Kila niliyemwuliza hapa, kuanzia jirani yangu hadi wakala wa mabasi, amenijibu kwamba ni ule usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumanne, ambao kwa kalenda ni Jumatano 02:00. Lakini mtu huyohuyo akisema "alfajiri ya Jumatano saa 10", anamaanisha Jumatano 04:00, na akisema "Jumanne usiku saa 10", anamaanisha dakika ileile. Saa ni moja, tarakimu ni moja, na jina la siku limebadilika kwa sababu tu neno limebadilika. Kwa maoni yangu, neno linalofuata saa ndilo linalobeba siku, na programu yoyote inayolitupa neno hilo baada ya kupata namba imetupa nusu ya alichosema mtu. Naomba kusikia kwenu mnasemaje, na hasa kama huko kwenu usiku hugawanywa kwa namna nyingine.

Mchangiaji (Nairobi)

Ndugu, pole kwa yaliyompata mama, na asante kwa maelezo. Miaka michache iliyopita nilitengeneza saa ya ukutani kwa kompyuta ndogo na kioo, ili ionyeshe saa za Kiswahili pale nyumbani, na nilipita njia fupi ambayo ningependa uipime. Saa yetu hapa iko saa 3 mbele ya Greenwich, na tukipunguza 6 tunabaki na 3 nyuma. Basi niliiambia kompyuta iko kwenye ukanda ulio saa 3 nyuma ya Greenwich, na ikawa saa 2 asubuhi inaandika 2:00 yenyewe. Je, kwa nini usifanye hivyo ukaepuka hesabu zote?

Mwanzisha uzi

Kaka, hata mimi niliipita njia hiyo kwa siku mbili, na kwa saa ya ukutani isiyoonyesha tarehe sina neno dhidi yake. Ila kuna mashimo matatu ambayo afadhali yaandikwe hapa kwa ajili ya atakayekuja nyuma yetu.

Kwanza, kwenye hifadhidata ya kanda za saa ambayo sote tunaitumia, kanda zinazoanza na "Etc/GMT" zimegeuzwa alama. Ukitaka saa 3 nyuma ya Greenwich unaandika Etc/GMT+3, na anayeandika -3 kwa kufuata akili ya kawaida anajikuta yuko Nairobi palepale alipoanzia. Pili, wapo wanaochagua mji badala ya namba, na mji unaojitokeza upesi ni São Paulo. Brazili ilikuwa ikisogeza saa mbele majira yao ya joto hadi ilipoacha mwaka 2019, kwa hiyo kumbukumbu za Desemba 2018 zikionyeshwa kwa ukanda huo zinasogea saa nzima, na saa 2 inakuwa saa 3.

La tatu ndilo lililoniondoa. Katika ukanda huo tarehe inageuka 06:00 yetu. Nilifurahi mwanzoni, kwa sababu "Jumanne usiku saa 8" ilibaki Jumanne bila mimi kufanya lolote, nikadhani nimepata kalenda ya Kiswahili kwa bei ya mstari mmoja. Kisha nikajaribu "Jumatano alfajiri saa 11", na programu ikaandika Jumanne. Hakuna anayeswali alfajiri ya Jumatano akaambiwa bado ni Jumanne. Siku ya mazungumzo haigeuki kwenye tarakimu yoyote, inageuka pale msemaji anapoacha kusema usiku na kuanza kusema alfajiri, na watu wawili waliokaa chumba kimoja wanaweza kuigeuza kwa tofauti ya saa nzima.

Mchangiaji (Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zanguni. Nimesoma kwa makini, na naomba nitie jambo moja ambalo mwanzisha uzi hakulitaja, pengine kwa kuwa huko bara halisikiki sana. Kwetu sisi, na kwa wazee wengi wa mwambao, siku huanza jua linapozama. Ukimwambia bibi yangu "usiku wa Ijumaa", anaelewa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kijana wa skuli ataita Alhamisi usiku. Katika Ramadhani jambo hili ndilo linaloongoza ibada: tarawehe ya kwanza husaliwa kabla ya funga ya kwanza, na usiku wa mwezi ishirini na saba ni ule unaotangulia mchana wa mwezi ishirini na saba. Kwa hiyo kanuni yako ya kwamba usiku hufuata mchana wake ni sahihi kwa "Ijumaa usiku", ila si sahihi kwa "usiku wa Ijumaa" ukisemwa na mtu wa hapa. Mpangilio wa maneno mawili umebeba saa 24 nzima.

Mwanzisha uzi

Wa alaykumu salaam, na nakushukuru sana. Nimeusoma mchango wako mara tatu kabla ya kujibu, kwa sababu umenibomolea kanuni ambayo nilishaiandikia majaribio arobaini na yote yalikuwa yakipita. Majaribio hayo niliyaandika mwenyewe, kwa masikio ya Morogoro.

Nilichofanya jana usiku ni hiki. "Ijumaa usiku" programu inaifasiri kuwa usiku unaofuata. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" inaifasiri kuwa usiku unaotangulia, na hapa sijapata mtu yeyote, wa bara wala wa visiwani, anayebisha, kwani kitenzi chenyewe kimeshasema utaamka siku gani. "Usiku wa Ijumaa" haifasiriwi kabisa. Programu inarudisha swali: "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au usiku wa kuamkia Jumamosi?" Mtumiaji anajibu kwa 1 au 2. Nilifikiria kukisia kwa kutazama mtu yuko wapi, nikaacha, maana mwenyeji wa Unguja anaweza kuwa anaishi Mwanza na asibadili lugha yake kwa sababu ya mnara wa simu.

Niongeze moja linalofanana na hilo. Mtu akiandika 01:00, yaani saa 7 usiku, "nikumbushe kesho asubuhi", kompyuta inaongeza siku moja kwenye tarehe na kumkumbusha saa thelathini na kitu baadaye. Yeye alimaanisha asubuhi inayokuja, baada ya kulala. Kwa mzungumzaji, kesho huanza kunapokucha. Hivi sasa ujumbe wowote unaofika kati ya 00:00 na 04:00 ukiwa na neno "kesho", programu inataja jina la siku na kuuliza kabla ya kuhifadhi.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu yangu, hongera kwa kazi. Ongeza "saa tatu u nusu" kwenye orodha yako ya maneno, kwani huku watu wazima bado wanaisema na kuiandika, wengine wakiiunganisha kuwa "unusu". Vilevile "kasarobo" na "kasrobo" usizihesabu kuwa makosa ya uandishi. Jambo jingine ni siku za wiki. Mwanafunzi wangu mmoja alipanga orodha ya majina akianza na Jumamosi, kwa kuwa jina lenyewe limebeba mosi, kisha akachukua tarakimu anazopewa na JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ambako Jumapili ni 0, na kila kikao cha kikundi chao kikasogea siku moja.

Mwanzisha uzi

Nimeziingiza zote, na "u nusu" imepita jaribio leo asubuhi. Kuhusu siku, kwa atakayehitaji: chukua tarakimu ya JavaScript, ongeza 1, tafuta baki ya kugawa kwa 7, kisha ongeza 1 tena. Jumamosi, ambayo ni 6, inakuwa 1, Jumapili inakuwa 2, na Jumatano inatua kwenye 5 kama jina lake linavyodai. Alhamisi inapata 6 ingawa asili yake ya Kiarabu nayo ni tano. Wiki yetu ina siku mbili za tano, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, nami nimezipenda hivyo zilivyo.

Mchangiaji (Nairobi)

Narudi na kisa kimoja, kwa sababu umesema unahifadhi kila kitu kama nukta ya wakati. Niliwahi kusaidia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambamo tarehe za kuzaliwa zilihifadhiwa kama 00:00 ya siku hiyo, saa 3 kamili mbele ya Greenwich. Mzee aliyezaliwa tarehe 10 Mei 1940 alionekana kwenye skrini amezaliwa tarehe 9. Vijana hawakuwa na shida, wazee ndio waliosogea. Sababu ni kwamba Nairobi haikuwa saa 3 mbele wakati huo; ilikuwa saa 2 na dakika 45, na hifadhidata ya kanda inakumbuka hivyo. Nukta iliyohifadhiwa kwa saa 3 kamili, ikisomwa kwa kumbukumbu ya kweli, ikawa 23:45 ya siku iliyotangulia. Mzee yule alisafiri kuja ofisini na kitambulisho chake mkononi ili kurudishiwa siku yake ya kuzaliwa.

Mwanzisha uzi

Kisa hicho kimenigusa, na kimenifanya nibadili muundo wa jedwali kabla mtu mwingine hajaanza kuitumia programu. Kwa wenzangu wa Tanzania, msidhani hili haliwahusu: ukanda wa Dar es Salaam katika matoleo ya sasa ya hifadhidata hiyo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye ukanda wa Nairobi, kwa hiyo tarehe ya mzee wa Kilosa husomwa kwa historia ya saa za Nairobi.

Sasa nahifadhi vitu vitatu kwa kila kikumbusho: sentensi kama mtu alivyoiandika, bila kugusa herufi, tarehe na saa ya mahali alipo pamoja na jina la ukanda, na neno la wakati alilolitumia. Nukta ya wakati inakokotolewa wakati wa kutuma tu. Tarehe ya kuzaliwa inabaki tarehe, haipewi saa wala ukanda. Na kabla ya kuhifadhi, programu inamrudishia mtu sentensi nzima kwa maneno: "Nitakukumbusha kila siku saa 2 usiku, baada ya jua kuzama." Mama alipata ujumbe huo wiki iliyopita, akajibu "Ndiyo hiyo", na tangu hapo simu yake inalia redio ikiwa imewashwa.

Mchangiaji (Kigali)

Habari zenu. Huku Rwanda tuko saa 2 mbele ya Greenwich, ila hata katika Kinyarwanda tunahesabu saa kama ninyi, na saa mbili ya asubuhi kwetu ni 08:00. Ndugu zangu wanaoendesha malori huvuka Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na palepale darajani saa mbili ya upande mmoja ni saa tatu ya upande wa pili. Dereva akiandika akiwa Kigali "nipigie saa 4 asubuhi nikiwa Tanzania", programu yako itafuata wapi?

Mwanzisha uzi

Kwa sasa itafuata mahali alipoandikia, nayo itakosea. Jina la nchi ndani ya sentensi halisomwi bado. Nitalishughulikia wiki hii kwa kuanza na majina ya nchi na vituo vya mpakani peke yake, na likishindikana, programu itauliza, "Saa 4 ya Rwanda au saa 4 ya Tanzania?" Naomba uniandikie sentensi tano kama madereva hao wanavyoziandika hasa, pamoja na vifupisho vyao, nizitie kwenye majaribio kabla sijagusa msimbo.